Gari la Familia Yenye Watoto Wadogo: Mambo ya Kupima Kabla ya Kukopa

Katika vyama vya akiba na mikopo si ajabu kuona mwanachama anayeomba mkopo wa gari akiandika katika fomu neno moja tu: "Noah". Neno hilo limeenea nchini Tanzania, hususan katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro ambako magari hayo hubeba abiria, hata likawa kama jina la kila gari lenye safu tatu za viti. Lakini mwanachama mwenye watoto watatu wasiotimiza miaka saba hatafuti gari la abiria. Anatafuta gari la kuwafikisha watoto zahanati, shuleni na kwenye ibada wakiwa salama, tena lisilomeza mapato ya msimu kwa mafuta na spea. Katibu anayepitisha fomu bila kuuliza swali huenda akamwona mwanachama huyo tena kabla deni la kwanza halijaisha, akiomba mkopo wa pili wa kununua gia boksi.

Magari ya aina hii, yaitwayo minivani, hayalingani kwa ukubwa. Toyota Noah iliyoanza kutengenezwa mwaka 2001 ina urefu wa takriban mita 4.6 na injini ya lita 2. Toyota Sienta, iliyotoka mwaka 2003, ina urefu wa mita 4.1 na injini ya lita 1.5. Honda Freed, iliyofuata mwaka 2008, nayo ina injini ya lita 1.5. Toyota Wish ya mwaka 2003 ina safu tatu pia, ila milango yake ya nyuma hufunguka kama ya gari dogo la kawaida. Kwa familia ya watu watano, ile midogo yatosha. Hata hivyo anayeishi mlimani akumbuke kwamba injini ya lita 1.5 iliyobeba watu saba na gunia mbili za mahindi itapanda kwa shida, na kwamba magari haya yalibuniwa kwa barabara za lami za Japani. Tumbo lake li karibu na ardhi. Penye makorongo wakati wa masika, hakuna hata moja kati yake lifaalo.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni safu ya tatu. Muuzaji husema "viti saba", na mnunuzi hufurahi. Katika Sienta safu hiyo hukunjwa ikaingia chini ya viti vya kati, na ikikunjwa hupatikana nafasi nzuri ya mizigo. Ikifunguliwa, nafasi ya mizigo nyuma yake haizidi sana upana wa kikapu. Kwa hiyo familia haipati viti saba na mizigo kwa wakati mmoja. Wako wanaotatua jambo hilo kwa kufunga mizigo juu ya paa, wakasahau kwamba uzito uliowekwa juu hulifanya gari jembamba lipinduke kwa urahisi kwenye kona. Kadhalika, anayeketi safu ya tatu yuko karibu mno na kioo cha nyuma. Watoto wadogo yafaa wakae safu ya kati.

Wakae vipi? Hapa ndipo penye uzito wa shauri lote. Desturi ya kumpakata mtoto imezoeleka, na mama humshika mwanawe kwa mapenzi yote. Lakini gari liendalo kilomita 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kila kilichomo husukumwa mbele kwa nguvu ya takriban mara 20 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 10 huwa kama mzigo wa kilo 200, na hakuna mikono inayoweza kuuzuia. Mtoto mchanga anahitaji kiti chake maalum, kikielekezwa nyuma ya gari, kwa kuwa shingo yake haijakomaa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 kuhusu viti hivyo yataka aelekezwe nyuma hadi apite miezi 15. Kiti cha namna hiyo kisiwekwe kamwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, maana mfuko huo ukifumka humpiga mtoto kichwani.

Basi mnunuzi avute kila mkanda wa safu ya kati, mmoja mmoja, aone kama unarudi na kushika. Katika magari mengi ya zamani kiti cha katikati kina mkanda wa kiunoni tu, usiomfaa mtoto aliyekaa juu ya kiti cha kumwinua. Mwenye watoto watatu apime kwa viti vyenyewe kama vitatu vitaenea. Mara nyingi haviei, na mmoja hulazimika kwenda nyuma.

Milango ya kuteleza ni neema penye watoto, kwa kuwa haigongi gari la jirani wala haisukumwi na upepo. Vumbi likijaa relini hukwama, na ile ya umeme ikiharibika matengenezo yake ni ghali. Ya kusukuma kwa mkono yatosha.

Kuhusu injini, ile ya Sienta ya kwanza ni ya jamii moja na ya Probox na IST, hivyo spea na mafundi hawakosekani. Noah za mwaka 2001 hadi 2007 zina injini ya D-4, ambayo hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda na haivumilii petroli chafu wala fundi wa kubahatisha. Magari mengi ya kundi hili, zikiwamo Sienta na Freed, hutumia gia isiyo na hatua, iitwayo CVT. Gia hiyo ina mafuta yake maalum. Fundi akitia mafuta ya gia otomatiki ya kawaida, kwa kuwa yapo dukani na ni rahisi, gari litatembea kwa muda kisha gia itakufa.

Katibu adai makadirio kamili: bei, ushuru, usajili, bima, tairi nne, na viti vya watoto. Nchini Tanzania gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri. Nchini Kenya haliruhusiwi kuingizwa kabisa. Kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zilinganishwe na karatasi ya mnada kutoka Japani. Mwisho, kabla fedha hazijatolewa, familia nzima ipande gari hilo pamoja na fundi asiye wa muuzaji, wapande nalo mlima wanaoupanda kila wiki, na ripoti ya fundi iambatanishwe na fomu ya mkopo.