"Slowly by slowly": iseme mtaani, usiiandike kwenye barua

Mwezi huu tuongee juu ya maneno ambayo aliyepita Katwe, pale Kampala, ameshayasikia. Muulize fundi anayechomelea mageti kazi inaendaje, atakujibu kwa Kiingereza: "Slowly by slowly." Maana yake kazi inasonga, hatujakwama. Wote tunaelewa, kwa sababu ni maneno ya kwetu yaliyovaa nguo za Kizungu. Waganda wanasema "mpola mpola", sisi "polepole", na waliosoma Kifaransa "petit à petit".

Shida inaanza kwenye karatasi. Kijana anaomba kazi au nafasi ya shule, anaandika: "I am learning English slowly by slowly." Anataka kusema kila siku anapiga hatua. Lakini "slowly" kwa Kiingereza inapima mwendo tu. Anayesoma barua, kama amekulia mbali, atafikiri huyu ni mzito wa kuelewa! Ulitaka kujisifu, kumbe umejishtaki. Tena Waingereza hawaweki "by" kati ya "slowly" mbili. Wao husema "little by little" au "step by step", yaani kidogo kidogo, hatua kwa hatua.

Basi tushike haya:

1. Kwa rafiki, kwenye meseji, andika "I'm getting there", yaani bado kidogo nifike. Hayo ni maneno ya maongezi, barua ya ofisi haiyataki.

2. Kwa ofisi, andika "I am making progress." Usiseme "a progress" wala "progresses".

3. Halafu onyesha hatua yenyewe: "In January I could not write a letter. Now I can." Ofisi inaamini kitu inachokiona.

Na tusimcheke mzee anayesema "slowly by slowly". Katwe anaeleweka vizuri na biashara inaenda. Kila neno lina mahali pake, kama vile gumbuti za shamba hatuvai kanisani.

Zoezi la nyumbani: jioni hii kila mtoto aandike sentensi moja ya Kiingereza juu ya kitu ambacho mwaka jana hakukiweza na leo anakiweza. Wazazi nanyi msikae pembeni, andikeni. Haba na haba hujaza kibaba.