Mashine ya Pinboli: Dukani au Nyumbani kwa Mtu?

Ipo dhana iliyokita mizizi katika vichwa vya wengi wetu kwamba mwenye duka ni mwizi mwenye leseni, ilhali mtu anayeuza kitu chake nyumbani, mbele ya mkewe na watoto wake, ni mwungwana asiyeweza kumdhulumu mgeni aliyempa kiti. Ipo pia dhana iliyo kinyume cha hiyo: kwamba anayeuzia nyumbani hana budi kuwa na jambo analolificha, na kwamba penye risiti ndipo penye haki. Dhana zote mbili nimezisikia katika chumba cha walimu, wakati mwingine kutoka kinywa kile kile, kutegemea kama msemaji yumo katika kununua au katika kuuza.

Leo nimeazimia kuzipima dhana hizo kwa bidhaa ambayo yamkini wasomaji wengi hawajapata kuigusa, yaani mashine ya pinboli. Nimeichagua makusudi. Gari kuukuu au shati la mtumba tunavijua mno, na mtu akivijadili huongozwa na machungu yake mwenyewe. Pinboli iko mbali nasi, kwa hiyo twaweza kuitazama bila hasira.

Kwa asiyeijua, pinboli ni meza ya miguu minne iliyoinamishwa kidogo, nyuzi sita na nusu hivi, na kufunikwa kwa kioo. Ndani yake huzunguka gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 27 na uzito wa gramu 80. Mchezaji huipiga kwa vikono viwili vidogo vilivyo upande wa chini, nayo hugonga shabaha, huwasha taa, huliza kengele na kumwongezea alama. Gololi ikipenya katikati ya vikono, imekwenda. Nyuma ya meza husimama kichwa chenye picha na taa, na ndani ya kichwa hicho mna bodi za umeme zinazoiendesha mashine nzima. Yote hayo yana uzito wa kilo mia moja na zaidi.

Chimbuko la biashara hii ni jiji la Chicago. Mnamo 1931 David Gottlieb alitoa mashine yake iliyoitwa Baffle Ball, akaiuza kwa dola 17 na senti 50. Haikuwa na vikono. Gololi ilirushwa na kuachiwa bahati yake. Vikono vilikuja mwaka 1947, kampuni hiyo hiyo ilipotoa Humpty Dumpty. Kwa sababu ya bahati hiyo, wakuu wa miji kadhaa waliihesabu pinboli kuwa kamari. Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliipiga marufuku mwaka 1942 na kujitokeza hadharani akizivunja mashine kwa nyundo. Marufuku hayo yaliondolewa mwaka 1976, baada ya kijana mmoja, Roger Sharpe, kucheza mbele ya madiwani, akitangaza kabla ya kupiga ni wapi gololi ingepita, nayo ikapita papo hapo.

Kwa miongo mingi mashine hizi hazikuuzwa kwa watu wa kawaida. Zilinunuliwa na wafanyabiashara walioziweka katika mabaa na kumbi za michezo, wakawa wanapita kukusanya sarafu. Michezo ya runinga ilipowavuta vijana, sarafu zilipungua. Hata The Addams Family ya mwaka 1992, iliyotengenezwa mashine zaidi ya 20,000, haikuweza kuzuia anguko hilo, na mwaka 1999 kampuni ya Williams, iliyokuwa jabali la tasnia hii, ilifunga idara yake ya pinboli. Stern ikabaki karibu peke yake kwa takriban muongo mmoja, hadi wengine kama Jersey Jack walipojitosa kuanzia mwaka 2011. Mashine za zamani zilitolewa mabaani zikaingia majumbani, na hapo ndipo yalipozaliwa masoko mawili: la wenye maduka na la watu wanaouzia sebuleni, gerejini au katika chumba cha chini ya nyumba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa Chicago kwa masomo. Mkenya mwenzangu, mwalimu wa hisabati katika shule moja ya upili huko, aliingiwa na hamu ya kununua mashine moja. Alizipata mbili za muundo mmoja na mwaka mmoja. Ya kwanza ilikuwa kwa mwenye duka, imesafishwa hadi inameta, na ina dhamana ya maandishi ya siku 90. Ya pili ilikuwa gerejini kwa mzee mmoja mstaafu, na bei yake ilikuwa chini kwa dola 1,500. Akaniomba nifuatane naye.

Hapa sina budi kumwita shahidi mwenye uzito kuliko mimi. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof alichapisha makala mafupi juu ya soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yamekwisha kuyakataa, hata hivyo makala hayo yalichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni nyepesi kuieleza. Muuzaji anakijua kitu chake, mnunuzi hakijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha kizima na kibovu, hukubali kulipa bei ya wastani tu. Mwenye kizima huona anapunjwa, akajiondoa sokoni. Wanaobaki wengi wao ni wenye vibovu, bei ikazidi kushuka, na wazuri wakazidi kujiondoa. Dawa alizozitaja ni pamoja na dhamana na jina la muuzaji, maana vitu hivyo humrudishia muuzaji hasara ya uongo wake. Kwa faida ya wanafunzi niongeze kwamba Stiglitz alipata kufanya utafiti jijini Nairobi kuanzia mwaka 1969, na mwenyewe ameandika kwamba kipindi hicho kilichangia pakubwa kuyaunda mawazo yake juu ya uchumi wa habari.

Kwa mujibu wa nadharia hiyo, rafiki yangu alipaswa kukimbilia dukani. Lakini nadharia hiyo imesimama juu ya nguzo moja ambayo sikuiona gerejini: kwamba muuzaji anajua.

Mzee yule alitupokea vizuri. Aliiwasha mashine, akacheza raundi moja kwa ustadi wa kutuaibisha, kisha akatusimulia jinsi wanawe walivyokua wakiigombania. Rafiki yangu akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mwalimu, huyu mzee hawezi kunidanganya."

"Simtilii shaka, ndugu yangu," nikamjibu. "Lakini kutodanganya ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine."

Jirani yetu mmoja, fundi wa mashine hizo, alikuwa ametufunza mambo machache kabla ya safari. Tuliomba kioo kitolewe. Tuliutazama uwanja wa mbao mahali ambapo gololi hupita mara nyingi, hasa mbele ya vikono na kandokando ya matundu, maana hapo ndipo rangi hulika hadi mbao ikaonekana, na dosari hiyo haina tiba rahisi. Pete za mpira zilizopasuka si hoja. Ni vitu vya bei ya chini. Taa zilizoungua si hoja. Vikono vilivyolegea hutengenezwa kwa muda wa jioni moja. Mnunuzi mgeni hutishwa na taa iliyozimika akasahau kutazama mbao, kama mtu anayekataa nyumba kwa sababu ya rangi ya mlango.

Tuliangalia pia hesabu za ndani. Mashine za tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, zilipoanza kutumia vifaa vya kielektroniki, huweza kuhifadhi idadi ya michezo iliyochezwa, mfano wa ile mita ya gari inayohesabu kilomita. Nayo, kama mita ya gari, huweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo hesabu ndogo ni dalili tu, si ushahidi.

Mwishowe tukaomba kichwa kifunguliwe. Mzee alishangaa, katika miaka yote aliyokaa na mashine ile hakuwahi kukifungua. Juu ya bodi kuu palikuwa na betri tatu ndogo, za aina tunayotia katika redio, zinazoisaidia mashine kukumbuka alama za washindi. Zilikuwa zimevuja. Ukungu wa kijani ulikuwa umeanza kuitafuna bodi. Mashine ilicheza vizuri siku ile, na pengine ingecheza vizuri miezi kadhaa zaidi, kisha ingezima ghafla. Uso wa mzee ulisawijika kuliko wetu. Hakuwa akificha lolote, hakujua.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu katika mijadala yetu juu ya biashara tunapenda mno kuuliza kama muuzaji ni mwaminifu, na ni nadra kuuliza kama ana ujuzi wa kile anachouza. Uaminifu wa asiyejua haumkingi mnunuzi kwa lolote. Mwenye duka yule, kwa upande wake, alikuwa anajua mashine hizo nje ndani. Ujuzi huo ndio uliotufanya tumtegemee, na ndio ule ule ambao, angetaka, angeutumia kutuzunguka. Kung'arisha uwanja na kubadili pete za mpira ni kazi ya siku moja, na macho ya mgeni huona mng'aro kwanza.

Sheria nayo ina neno. Katika takriban majimbo yote ya Marekani, anayefanya biashara ya bidhaa fulani huhesabiwa kuwa ameahidi, hata kama hakutamka wala kuandika, kwamba bidhaa hiyo inafaa kwa matumizi yake ya kawaida. Mtu anayeuza mali yake ya nyumbani mara moja hafungwi na ahadi hiyo. Kwetu Kenya hali haitofautiani sana. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, iliyorithiwa kutokana na ile ya Waingereza ya mwaka 1893, huweka sharti la ubora kwa bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa muuzaji ambaye ni kawaida yake kuuza bidhaa za aina hiyo. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 imeongeza kinga, nayo pia humlenga mwenye biashara. Ukinunua kwa jirani, umejinunulia na hatari zake.

Lakini hebu tuusome mpaka huo kwa makini. Sheria haiulizi kama muuzaji ana duka lenye kibao. Yauliza kama anafanya biashara hiyo. Katika ulimwengu wa pinboli wapo watu wengi wasio na duka, ambao hununua mashine kutoka mabaani, huzitengeneza gerejini na kuziuza moja baada ya nyingine, kila mara wakisema kwamba wanahama au kwamba mke amechoshwa na kelele. Wapo miongoni mwao mafundi hodari ambao kazi yao huishinda ya duka lolote. Wapo pia wanaovaa vazi la ujirani ili kuikwepa sheria na kodi. Dalili yao ni rahisi: gerejini mna mashine tano, si moja, na kila moja ina hadithi yake. Mtu wa namna hiyo ni mfanyabiashara, apende asipende, na mnunuzi ana haki ya kumdai kama anavyomdai mwenye duka. Ugumu ni kuthibitisha, hasa fedha zikiwa zimetolewa taslimu bila karatasi. Ndiyo maana namshauri anayenunua nyumbani aandike japo mistari mitatu: jina la mashine, hali yake kama muuzaji alivyoieleza, na sahihi mbili. Muuzaji mwema hachukizwi na kalamu.

Na ile dhamana ya siku 90? Tuliporudi dukani tuliisoma hadi nukta ya mwisho. Ilihusu vipuri, haikuhusu malipo ya fundi. Na mashine ingeharibika, mnunuzi ndiye ambaye angeirudisha kwa gharama yake. Kitu cha kilo mia moja na ushei hakibebwi kwa teksi. Nilipoihesabu kwa kweli, thamani ya karatasi ile haikufika dola 1,500, wala haikufika nusu yake. Ingelikuwa dhamana ya fundi kuja nyumbani, hesabu ingebadilika kabisa.

Kwa anayenunua mashine mpya, ambayo bei yake siku hizi huanzia maelfu ya dola, sioni sababu ya kumkwepa muuzaji aliyeidhinishwa na kiwanda. Vipuri vipo na kasoro za kiwandani zina mwenyewe. Kwa anayenunua ya zamani naye hana ujuzi wala rafiki fundi, duka ni ghali lakini si ghali kuliko ujinga. Ama aliye na fundi wa kufuatana naye, nyumbani kwa mtu ndiko aendako, mradi aruhusiwe kufungua kila kinachofunguka. Muuzaji akikataa kukifungua kichwa, mnunuzi avae koti lake aondoke.

Rafiki yangu aliinunua ile ya mzee, bei ikiwa imeshuka kiasi cha gharama ya bodi nyingine, ambayo mzee mwenyewe aliikadiria na kuitaja kabla hatujaomba. Tuliing'oa miguu, tukakilaza kichwa juu ya meza, tukaifunga kwa mablanketi. Ilituchukua watu wanne kuipandisha ngazi za nyumba yake.