Masizi Hayachujwi, Hunaswa

Msomaji mmoja wa Mlingotini mwenye tipa la kubeba mchanga anauliza: taa ya chujio la moshi imewaka kwenye dashibodi, lori limepungua nguvu, na fundi anamshauri atoe masega ya chujio hilo na kuunga bomba tupu. Akubali?

Asikubali. Sababu yake ni fizikia tamu kupita kiasi.

Masega ni tofali la kauri lililofungwa ndani ya mkebe wa chuma kwenye ekzosi. Limejaa vijia vyembamba vilivyolala sambamba: kimoja kimezibwa nyuma, cha jirani kimezibwa mbele. Moshi ukiingia hukuta njia imefungwa, ikabidi upenye ukutani kwenda kijia cha pili. Vitundu vya ukuta huo vina upana wa maikroni 10 hadi 20, ilhali punje nyingi za masizi ya dizeli hazifiki hata maikroni 0.1. Tundu ni pana mara mia kuliko punje, lakini zaidi ya asilimia 95 ya masizi hubaki humo. Inakuwaje?

Chukua kichochoro cha Mji Mkongwe wa Bagamoyo siku ya sherehe, watu wamejaa pomoni, kuta zote zimepakwa ulimbo. Mtoto mdogo hawezi kunyoosha njia. Kila anayepita anampiga kikumbo, mara kulia, mara kushoto, na kabla hajatokea upande wa pili keshagusa ukuta na kunata. Ndiyo punje ndogo kabisa: molekuli za hewa huisukuma huku na huko bila kukoma. Halafu anakuja mtu wa mkokoteni, mzigo mzito, mbio. Penye kona anashindwa kukata, anaparamia ukuta, naye ananata. Ndiyo punje kubwa. Anayeponyoka ni kijana wa umbo la kati: mzito kiasi cha kutoyumbishwa na vikumbo, mwepesi kiasi cha kuiwahi kona. Kwenye moshi, kijana huyo ana takriban maikroni 0.3. Kwa hiyo kifaa hiki ni mtego kuliko chujio, na punje ndogo sana haziukwepi. Masizi yaliyotangulia nayo hutandika utando unaowanasa hata vijana.

Utando ukizidi, injini inakabwa. Dawa ni kuuchoma. Lori lililosheheni likitoka Bagamoyo kwenda Msata, kilomita 64 za lami, ekzosi hupata moto na masizi huungua polepole yenyewe. Tipa la safari fupi, linalonguruma bure likisubiri kupakiwa, halifiki joto hilo. Ndiyo maana taa imewaka. Mara nyingi inatosha kulipeleka barabara kuu likiwa na mzigo, au kuliegesha mbali na nyasi kavu, ubonyeze swichi ya kuchoma na uliache limalize. Joto hufika kama nyuzi 600.

Majivu ya oili hayaungui. Hayo hutolewa karakana kwa tanuri na upepo, si kwa mpira wa maji. Nunua oili yenye alama ya API CK-4 au ACEA E8 (zamani E6). Dizeli iwe ya kituo cha kuaminika: tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Sailensa, kwa upepo wa chumvi wa pwani yetu, huliwa na kutu nje na ndani. Ukiona masizi meusi kwenye maungio ya bomba la ekzosi, moshi unavuja kabla ya kufika masegani.

Ukiyatoa masega, vikumbo vilevile vinavyozinasa punje ukutani huzinasisha kwenye mapafu ya dereva, utingo na wauza samaki wa kando ya barabara. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Anayenunua lori la mtumba lililotengenezwa kwa soko la Ulaya tangu 2014 adai mkebe ufunguliwe mbele yake, ayaone masega kwa macho kabla ya kulipa.