Kalamu, sanduku na mahabusu: rekodi nane za majimbo ya Urusi

Duma, bunge la Urusi, ina viti 450. Nusu yake, yaani 225, hugombewa jimbo kwa jimbo, na anayeongoza kwa kura ndiye mbunge hata kama hajafikisha nusu. Viti vilivyobaki hugawiwa vyama kwa orodha. Utaratibu huu ulianza 1993, ukawekwa kando katika chaguzi za 2007 na 2011, kisha ukarejea 2016. Habari nyingi huishia kwenye hesabu za vyama, ilhali uhondo wenyewe umo majimboni. Huko ndiko mwananchi alikowaangusha wakubwa, na huko huko ndiko sauti yake ilikobanwa. Rekodi hizi nane zinaanzia enzi za Wasovyeti, maana mambo yalianza kupamba moto mwaka 1989.

Jimbo kubwa kuliko yote: Yakutia
Eneo lake linazidi kilomita za mraba milioni 3, karibu sawa na India nzima, na limekatiza kanda tatu za saa. Wakazi ni takriban milioni moja, mbunge ni mmoja. Mwaka 2016 chama tawala, Yedinaya Rossiya, kilizoa majimbo 203, lakini Yakutia ilimchagua Fedot Tumusov wa chama cha Spravedlivaya Rossiya. Mwaka 2021 ikampa kiti Mkomunisti, Pyotr Ammosov. Chaguzi mbili mfululizo, chama tawala kikatoka kapa.

Wapiga kura wachache kuliko wote: Nenets na Chukotka
Kila mkoa, hata uwe mdogo vipi, lazima upate angalau kiti kimoja. Ndiyo maana majimbo haya mawili ya kaskazini ya mbali yana mbunge kila moja, ingawa wapiga kura wa kila jimbo hawafiki 40,000. Wastani wa nchi ni karibu nusu milioni. Udogo huo haukuwazuia kutoa wabunge wenye majina makubwa. Chukotka ilimchagua tajiri wa mafuta Roman Abramovich mwaka 1999, miaka minne kabla hajainunua Chelsea. Nenets ilikuwa na Artur Chilingarov, mpelelezi wa ncha za dunia, ambaye Agosti 2007, akiwa bado mbunge, alishuka kwa chombo cha majini zaidi ya mita 4,000 hadi sakafu ya bahari kwenye Ncha ya Kaskazini. Bendera ya Urusi ya madini ya titani ikasimikwa huko.

Kura nyingi zaidi kwa mtu mmoja: Moscow, 1989
Katika uchaguzi wa Bunge la Wawakilishi wa Umma la Wasovyeti wa Machi 26, 1989, mojawapo ya majimbo lilikuwa jiji zima la Moscow. Boris Yeltsin, aliyevuliwa uongozi wa Chama cha Kikomunisti jijini humo mwaka 1987, alimgaragaza Yevgeny Brakov, mkurugenzi wa kiwanda cha magari cha ZIL. Alipata karibu asilimia 89, zaidi ya kura milioni 5. Hata hivyo, wawakilishi walipokutana kuchagua bunge dogo la kudumu, Yeltsin alikosa nafasi. Aliingia kwa sababu mwanasheria wa Omsk, Alexei Kazannik, aliamua kumwachia kiti chake.

Mgombea pekee aliyeangushwa: Leningrad, 1989
Siku hiyo hiyo Yuri Solovyov, katibu wa kwanza wa chama mkoani Leningrad, aligombea bila mpinzani. Sheria ilimtaka mpiga kura akate jina asilolitaka. Aliyeridhika aliweza kuitumbukiza karatasi sandukuni bila kushika kalamu, na kwa miaka mingi kuingia kwenye kijumba chenye pazia kulimtia mtu mashakani. Safari hii watu waliingia, wakashika kalamu, wakakata. Solovyov hakufikisha nusu ya kura. Akakikosa kiti alichokuwa akikigombea peke yake.

Mshindi asiye mtu: "Dhidi ya wote"
Urusi mpya iliweka chini ya majina ya wagombea kisanduku cha kuwakataa wote. Mwaka 1999 kisanduku hicho kiliongoza katika majimbo manane, na 2003 katika matatu. Kote huko uchaguzi ukarudiwa. Kususa nako kulikuwa na nguvu, kwa kuwa mahudhurio yalipaswa kufika asilimia 25. Tatarstan ilishindwa kufikisha kiwango hicho Desemba 1993, ikapata wabunge wa majimbo Machi 1994 tu, baada ya kutia saini mkataba wa madaraka na Moscow. Kisanduku cha "dhidi ya wote" kilifutwa mwaka 2006.

Jimbo lenye misukosuko mingi: Mytishchi, 1994
Aprili 1994 mbunge wa jimbo hili la pembezoni mwa Moscow, Andrei Aizderdzis, aliuawa kwa risasi karibu na nyumbani kwake. Uchaguzi mdogo ukaitishwa, akajitokeza Sergei Mavrodi, mwenye upatu wa MMM uliowafilisi mamilioni ya Warusi. Alikuwa mahabusu, alipoandikishwa kuwa mgombea, akaachiwa. Oktoba akashinda na kupata kinga ya bunge. Mwaka mmoja baadaye Duma ilimvua ubunge. Miaka mingi mbele, upatu wake ulifufuliwa na kufika Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini.

Karatasi ya kura iliyokanganya zaidi: St. Petersburg, 2021
Hili halikuwa jimbo la Duma bali la baraza la jiji, uchaguzi ukifanyika siku zile zile za uchaguzi wa Duma. Mpinzani Boris Vishnevsky alikuta wagombea wengine wawili wamebadili majina kisheria na kuitwa Boris Vishnevsky. Katika picha zilizobandikwa vituoni walionekana wazee watatu wenye upara na ndevu za mvi, wakifanana kama ndugu. Jimbo lilimponyoka, ingawa aliingia barazani kwa orodha ya chama chake.

Matokeo yaliyogeuka ghafla: Moscow, 2021
Mikhail Lobanov, mwalimu wa hisabati chuoni aliyesimamishwa na Wakomunisti, alimzidi mtangazaji wa runinga ya taifa, Yevgeny Popov, kwa maelfu ya kura za karatasi. Zilipojumlishwa kura za mtandaoni, mshindi akawa Popov. Wapinzani kadhaa walipatwa na hayo hayo, na majimbo yote 15 ya jiji yakaenda kwa wagombea waliokubalika serikalini.

Zipange rekodi hizi kwa miaka, mkondo utauona mwenyewe. Mwaka 1989 kalamu ilitosha kumwangusha kigogo. Mwaka 1999 kisanduku kimoja kilitosha kurudisha uchaguzi. Mwaka 2021 hata kuongoza kwa maelfu hakukutosha. Uchaguzi ambao mwenye madaraka hawezi kushindwa haustahili kuitwa uchaguzi. Kwa kipimo hicho, rekodi kubwa kuliko zote ni ya wale wapiga kura wa Leningrad waliopewa jina moja tu, wakalikataa.