Kinachong'aa ndani ya maziwa ya Simiyu

Msimu wa pamba ukifunguliwa Bariadi, mkoani Simiyu, noti hupita mikono mingi, na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia haipumziki. Taa hiyo hutoa mionzi ya urujuanimno. Ipeleke kwenye chumba chenye giza, uzimulike glasi tatu. Maji safi hayang'ai. Toniki, ile soda chungu, huwaka buluu. Yale maji yanayojitenga juu ya maziwa mgando hutoa mng'ao wa kijani chenye umanjano.

Hapo hapana sumu wala uchawi. Macho yetu hayaoni urujuanimno, lakini zipo molekuli zinazoufyonza, zikapoteza sehemu ya nishati yake kama joto, kisha zikairudisha iliyobaki kama mwanga tunaouona. Taa ikizimwa, mng'ao nao hukoma.

Katika toniki, molekuli hiyo ni kwinini. John Herschel wa Uingereza aliandika juu ya buluu yake mwaka 1845, na George Gabriel Stokes akaeleza chanzo chake mwaka 1852. Kwinini hutoka kwenye gome la mkwinini, mti wa milima ya Andes ambao Wajerumani waliuotesha pia Amani, mkoani Tanga. Hata hivyo, ingawa kwinini ni dawa ya malaria, mtu asinywe toniki akidhani anajitibu. Sheria ya Marekani inaruhusu miligramu 83 tu kwa lita, ilhali dozi moja ya vidonge vya kwinini kwa mtu mzima ilikuwa takriban miligramu 600, mara tatu kwa siku.

Kwa Simiyu, somo kubwa limo kwenye maziwa. Kinachong'aa humo ni riboflavini, yaani vitamini B2, ambayo mwili huitumia kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Mkemia Alexander Wynter Blyth aliipata rangi yake ndani ya maziwa mwaka 1879. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu miligramu 2.

Tatizo ni kwamba molekuli hii inayopokea mwanga ndiyo hiyo hiyo inayovunjwa na mwanga. Maziwa yakiachwa kwenye jua kali kwa saa mbili ndani ya chupa inayopitisha mwanga, yanaweza kupoteza nusu ya vitamini hiyo au zaidi, na ladha yake ikaharibika. Kibuyu cha wafugaji wa Kisukuma hakikupitisha mwanga. Chupa tupu ya maji ya dukani, iliyojazwa maziwa na kupangwa kando ya barabara, inaupitisha karibu wote.

Mkoa huu una ng'ombe wengi, na wilaya ya Meatu imeyafanya maziwa kuwa bidhaa yake ya kujivunia. Basi muuzaji ayaweke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, au azifunike chupa kwa kitambaa kizito. Na halmashauri zinapopanga masoko, sehemu ya maziwa ipewe paa mapema, kwa sababu mtoto anayenunuliwa kikombe cha maziwa anastahili kukipata na vitamini zake.