Ukishindwa Kesi ya Nyumba ya Kupanga

Wako ndugu wengi wa vijijini waliopanga vyumba au fremu za duka mjini. Tuseme wewe ni mmoja wao. Mwenye nyumba alikushtaki kwamba hulipi kodi. Baraza la Kata lilijaribu kuwapatanisha, likashindwa. Shauri likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Leo Mwenyekiti amesoma hukumu: uhame. Je, mambo yamekwisha?

Hayajakwisha. Sheria ya mwaka 2002 ya mahakama za migogoro ya ardhi hapa Tanzania inakuruhusu kukata rufani Mahakama Kuu. Lakini una siku 45 tu. Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya hukumu, si tangu siku dalali anapogonga mlango. Chukua kalenda, uitie alama siku ya 45.

Siku hiyo hiyo andika barua kuomba nakala ya hukumu. Usiombe kwa mdomo. Andika barua mbili zinazofanana; moja igongwe mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Siku za kungojea nakala hazihesabiwi, lakini utathibitishaje kwamba ulingoja kama huna barua?

Kisha andika hoja za rufani. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huandika kwamba wana watoto wengi, au kwamba mwenye nyumba ana roho mbaya. Jaji hasikilizi kesi upya. Anatazama kama Baraza lilikosea. Kwa mfano, ulitoa stakabadhi za kodi za miezi sita, zikapokelewa, lakini hukumu haikuzitaja kabisa. Hiyo ni hoja. Stakabadhi uliyoisahau chini ya godoro ni jambo jingine. Ni vigumu sana kuileta wakati wa rufani.

Jambo moja huwashangaza watu darasani. Rufani peke yake haizuii kutolewa. Lazima uombe pia, kwa maandishi, amri ya kusimamisha utekelezaji wa hukumu, ukieleza hasara utakayopata. Usipoomba, waweza kukuta vitanda vyako barabarani huku rufani ingali mahakamani.

Wakati wote huo endelea kulipa kodi na kudai stakabadhi.

Siku 45 zikipita, waweza kuomba kuongezewa muda, lakini utatakiwa kueleza kila siku uliyochelewa. Kusema hukujua sheria hakutoshi. Karatasi ya kulazwa hospitali, yenye tarehe, yaweza kusaidia.