Joto Ndilo Linaloamua: Plastiki Katika Lami na Zege

Mtaa wa Jambulingam, jijini Chennai kusini mwa India, uliwekwa lami mwaka 2002. Ndani ya lami hiyo kulikuwa na taka za plastiki zilizokatwakatwa. Zaidi ya miaka kumi baadaye, baada ya mafuriko, jua kali na msururu wa magari usiokatika, mtaa huo ulikuwa bado unatajwa kwa jambo moja: hauna mashimo.

Aliyebuni njia hiyo ni Rajagopalan Vasudevan, profesa wa kemia katika Chuo cha Uhandisi cha Thiagarajar mjini Madurai. Mwaka 2015 serikali ya India iliagiza plastiki taka itumike katika lami ya moto kwa barabara zilizo jirani na miji yenye watu 500,000 na zaidi, na mwaka 2018 ikamtunuku nishani ya Padma Shri. Hata hivyo, ukiitazama kazi yake kwa karibu, unaona kwamba kinachoibeba yote ni kipimajoto na meza ya kuchambulia taka. Kimoja kikikosekana, barabara ileile inageuka kuwa chanzo cha sumu.

Kokoto hupashwa moto hadi karibu nyuzi 170 za sentigredi. Juu yake humwagwa vipande vya plastiki vyenye upana wa milimita chache, na ndani ya muda usiozidi dakika moja vinayeyuka na kulivisha kila jiwe utando mwembamba, kama sukari na rangi inavyozivaa mbegu za ubuyu. Lami ya moto huingia mwisho. Mwongozo wa wahandisi wa barabara wa India unataja plastiki ya kati ya asilimia 6 na 8 ya uzito wa lami, na kilomita moja ya barabara nyembamba ya njia moja humeza takribani tani 1.

Faida ya utando huo inaeleweka ukijua barabara hufa vipi. Malori huichosha, lakini anayeiua ni maji. Jiwe hushikana na maji kwa urahisi kuliko linavyoshikana na lami, hivyo mvua ikipenya kwenye ufa mdogo, maji hujipenyeza kati ya jiwe na lami na kuibandua. Magurudumu humalizia kazi. Jiwe lililovishwa plastiki halinywi maji, na kwa kuwa plastiki na lami zote ni watoto wa mafuta ghafi, zinashikana vizuri. Bodi Kuu ya Kudhibiti Uchafuzi ya India ilizikagua barabara kadhaa za namna hii huko Tamil Nadu, zilizokuwa zimetumika kwa miaka, ikazikuta katika hali nzuri.

Sasa tuje kwenye afya, na hapa ndipo ningeomba kila halmashauri inayofikiria mradi kama huu isome taratibu. Kuyeyuka na kuungua ni mambo mawili tofauti kabisa. Politheni ya mifuko huyeyuka kati ya nyuzi 110 na 135, na polipropilini ya viroba vya unga karibu na nyuzi 165. Katika joto hilo plastiki hulainika tu. Ikipita nyuzi 270 hivi huanza kuvunjika na kutoa gesi. Mtambo unaoendeshwa kwa makadirio ya macho, au pipa lililowekwa juu ya kuni, unaweza kufika huko bila mtu kujua, na anayevuta moshi ni kibarua aliyesimama hapo na koleo.

Hatari kubwa zaidi ni PVC, ile ya mabomba, waya za umeme na turubai fulani. Ndani yake mna klorini. Ikipata joto kali hutoa gesi ya asidi inayochoma macho na njia ya hewa, na ikiungua huweza kuzalisha dioksini, kemikali zinazojikusanya kwenye mafuta ya mwili, zinazovuruga homoni, na ambazo aina yake kali zaidi imethibitishwa kusababisha saratani. Kwa hiyo mwongozo wa India unaipiga marufuku kabisa. Kipande cha bomba kilichopotelea kwenye gunia la mifuko si jambo dogo. Tukumbuke pia kwamba moshi wa lami peke yake, hata bila plastiki, umewekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa wajenzi wa barabara. Barakoa inayochuja gesi na mtambo wenye mfumo wa kunasa moshi vilihitajika tangu zamani.

Makopo ya maji ya kunywa, ambayo ndiyo watu huyafikiria kwanza, hayafai kwa njia hii, kwa sababu plastiki yake, PET, huyeyuka karibu na nyuzi 250. Wala hayana haja ya kuwa barabara: yana wanunuzi wanaoyapima kwa kilo. Yanayobaki jalalani bila mnunuzi ni mifuko laini na vifungashio vya mkate, sukari na sabuni, na hayo ndiyo lami inayoyapokea vizuri. Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Mwaka 2019, kampuni ya Shisalanga ilikarabati zaidi ya mita 400 za barabara huko Cliffdale, nje ya Durban, kwa lami yenye plastiki ya karibu chupa 40,000 za maziwa za lita 2, ambazo ni za politheni, si PET.

Zege ni habari nyingine, na hapa plastiki hupata shida. Ukiweka vipande vya plastiki badala ya kokoto, zege hupungua nguvu, kwa kuwa uso wa plastiki ni laini, haupendi maji, na uji wa saruji hauushiki. Mwaka 2017 wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, walijaribu kuipiga PET mionzi ya gama, wakaisaga na kuichanganya na saruji kwa kiasi cha asilimia 1.5 tu. Walipata zege lenye nguvu hadi asilimia 20 zaidi ya lile la kawaida. Hilo ni la maabara. Linalotumika kweli kwenye ujenzi ni nyuzi nyembamba za polipropilini. Katika mahandaki, moto ukizuka, maji yaliyo ndani ya zege hugeuka mvuke na kulipasua vipande kwa kishindo, kama ilivyotokea katika handaki la kati ya Uingereza na Ufaransa mwaka 1996. Nyuzi hizo huyeyuka mapema, zikaacha vijitundu ambavyo mvuke hupitia kutoka.

Jijini Nairobi wapo walioamua kuiacha saruji kabisa. Nzambi Matee na kampuni yake ya Gjenge Makers huyeyusha plastiki pamoja na mchanga na kuikandamiza kuwa matofali ya kupanga uani na njiani. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilimtambua miongoni mwa vijana mabingwa wa dunia. Swali la joto na uchambuzi wa taka linabaki lilelile hata hapo.

Na hesabu isitudanganye. Dunia huzalisha zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kila mwaka, na kilomita moja inabeba tani 1. Marufuku ya mifuko ya Kenya mwaka 2017 na ya Tanzania mwaka 2019 inazuia taka kabla hazijazaliwa, na hakuna barabara inayofanya hivyo. Halafu barabara nayo huchakaa. Tairi huisugua, vumbi lake huchukuliwa na mvua hadi mitaroni na mitoni, na ndani ya vumbi hilo kunaweza kuwa na chembe za plastiki. Anayejenga leo ana wajibu wa kupima maji ya mitaro yake tangu msimu wa kwanza wa mvua, na kuandika kila gunia lililoingia mtamboni lilikuwa na plastiki gani, ili wahandisi watakaoikwangua lami hiyo miaka 15 baadaye na kuipasha moto upya wajue wanachokichoma.